Karatasi ya Pili

Makao Makuu
Ijumaa, 6 Februari

Mdogo wangu Kipimo,

Nimekupigia simu wiki nzima mpaka nimechoka. Najua inalala kwenye sanduku la mlinzi pale getini, na wewe ukitoka kazini unaisahau humo humo. Basi nimerudi kwenye kalamu, kama enzi zile uko bweni na mama ananiita, "Njoo umwandikie mdogo wako." Dereva wa lori la blanketi amekubali kutubebea bahasha. Anakuja huku kila Alhamisi, anarudi huko Ijumaa. Mpe maji ya kunywa akifika, usimpe maneno tu.

Nina habari. Kampuni imeanzisha blogu ya ndani. Inaitwa Sebuleni, kwa sababu bosi wangu anataka wafanyakazi wote waongee kama watu wa nyumba moja. Inafunguka kwenye kompyuta za kampuni tu. Huko kiwandani karani ataichapa kwenye karatasi na kuibandika ukutani kantini, ili na nyinyi msio na kompyuta msome. Na mhariri wake ni mimi! Miaka kumi na miwili nachapa barua za watu wengine, leo nina meza yangu na jina la cheo mlangoni. Nililia chooni, usimwambie mtu.

Sasa nataka uniandikie. Andika kwa mkono, mimi nitachapa. Tuambie boila ni kitu gani, maana huku ghorofani watu wanadhani blanketi zinakauka zenyewe. Weka jina lako la utani, hakuna atakayekuuliza.

Msalimie wifi. Mwambie kitenge chake ninacho.

Dada yako


Kiwandani
Alhamisi, 12 Februari

Dada,

Hongera sana, mhariri! Wifi yako amepiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani kaolewa.

Haya, nimekuandikia hiyo makala, ukurasa mmoja na nusu. Nimeeleza kwamba boila ni sufuria kubwa lenye kifuniko kilichofungwa kwa bolti, na kazi yangu ni kukodolea macho saa ya presha siku nzima, ndiyo maana wakaniita Kipimo. Nimeeleza na valvu ya usalama, kile kitu cha juu kinachofunguka chenyewe mvuke ukizidi. Watu wa ghorofani waelewe kwamba hicho ndicho kinachotufanya turudi nyumbani.

Nimemtaja na Taratibu. Unamkumbuka, yule aliyesimamia harusi yangu, akachukua dakika kumi kukata keki. Siku hizi yuko kile kiwanda chetu cha pili, anakuja huku nikiwa likizo tu. Hana simu, anasema simu ina haraka. Mimi na yeye tunaongea kwa daftari la zamu. Nikiondoka naandika, yeye akija anasoma kila neno kwa kidole, halafu ndiyo anagusa mashine. Nikiandika "subiri", atasubiri hata bosi apige magoti. Nimesema huyo ndiye fundi bora niliyewahi kufanya naye kazi. Akisoma atavimba kichwa, lakini potelea mbali.

Usiniharibie maneno yangu.

Kipimo


Makao Makuu
Ijumaa, 6 Machi

Mdogo wangu,

Wewe ni maarufu! Makala zako tatu zimesomwa kuliko tangazo la mkurugenzi. Wahasibu wananisimamisha kwenye ngazi, "Huyu Kipimo ni nani, mbona anachekesha hivi?" Mimi najifanya simjui, huku nimejaa furaha.

Kuna jambo dogo tu. Bosi ametoa utaratibu, na mimi nimekubaliana naye: kila andiko la Sebuleni lianze na shukrani. Tukianza na malalamiko, anasema, sebule itageuka mahakama. Kwa hiyo ile ya tatu nimeinyoosha kidogo. Nimeweka shukrani mwanzoni, na ile aya ya bomba linalovuja nimeitoa, kwa sababu bomba ni la kumwambia msimamizi wako, si la kutangazia kampuni nzima. Hutakasirika, nakujua.

Mama ananiambia kifua kinambana tena. Nimemtumia dawa.

Dada yako


Kiwandani
Alhamisi, 12 Machi

Dada,

Nimekasirika. Unanijua nusu tu.

Nimesimama kantini nasoma makala yangu mwenyewe, nikadhani imeandikwa na mchungaji. "Kwa moyo mkunjufu"! Mimi lini nimesema kwa moyo mkunjufu? Watu wa kufuma wamenicheka, sasa kila nikipita ni "moyo mkunjufu huyoo".

Sikiliza, tukubaliane. Koma na nukta ni zako. Shukrani kama ni lazima, weka. Lakini namba zangu usiziguse. Nikisema sita, iwe sita.

Na kuna jingine linaloninyima raha kuliko hilo. Wamechukua daftari la zamu. Msimamizi amekuja Jumatatu, kalibeba kwapani, anasema mambo ya madaftari yamepitwa na wakati, sasa kila kitu ni Sebuleni. Nikamwambia, bwana mkubwa, Sebuleni ni pa kupigia soga, lile daftari ni la kazi. Akanijibu kwamba makao makuu ndiyo yameagiza: mawasiliano yote sehemu moja. Dada, hilo agizo limetoka kwenu? Nani kafikiria hilo, na alikuwa amekalia nini?

Nauliza kwa sababu valvu ya usalama inaanza kunitisha. Kila wiki nainyanyua kwa mkono kuijaribu. Zamani ilikuwa inapanda kama kifuniko cha birika la chai. Sasa inapanda nusu, tena kwa shida. Nimeomba fundi mara mbili. Mpaka sasa sijaona hata kivuli chake.

Iandike hiyo.

Kipimo


Makao Makuu
Ijumaa, 13 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Samahani kwa moyo mkunjufu. Nimecheka, halafu sikucheka tena.

Agizo la madaftari lilitoka huku, ndiyo. Nilikuwepo kwenye kikao. Mimi ndiye niliyechapa waraka. Ilionekana jambo zuri, tulisema taarifa zisizagae. Sikujua kama daftari lako nalo linahesabiwa.

Lakini ya valvu siwezi kuiweka sasa hivi, na nakuomba unielewe. Bosi aliniita jana, akafunga mlango. Amegundua kwamba Kipimo ni ndugu yangu. Akasema hana tatizo na ndugu, tatizo lake ni lawama. Wageni wanakuja mwezi ujao kukikagua kiwanda, wale wanaotaka kununua hisa, nao watapewa Sebuleni waisome. Akasema, "Mwambie ndugu yako, lawama moja tena na atafute kazi na nyumba." Na ile nyumba mnayokaa ni ya kampuni. Wifi ataenda wapi na watoto?

Niachie mimi. Wewe andika unavyoandika, mimi nitayatafutia maneno yatakayopita. Hiyo ndiyo kazi yangu, na naifanya vizuri. Barua zako zote za mkono nazitunza kwenye droo, hakuna kitakachopotea.

Dada yako anayekupenda


Kiwandani
Alhamisi, 2 Aprili

Dada,

Naandika nimesimama, dereva ananipigia honi.

Nimepelekwa likizo leo leo. Nilimwambia msimamizi siwashi boila mpaka fundi aje, akaniambia basi una siku zako kumi na tano, zichukue, wageni wasikukute na huo uso. Naenda kwa mama, ameanguka jana bafuni, naona umeshasikia.

Taratibu anaingia Jumatatu asubuhi. Hatutaonana. Nimemwambia msimamizi ampe ujumbe wangu kwa mdomo, akasema "weka Sebuleni". Nimeandika kwa chaki kwenye mlango wa boila. Lakini chaki ni chaki.

Karatasi ya pili humu ni ya Taratibu. Si makala. Ni yale ambayo ningeandika kwenye daftari. Iweke Sebuleni kesho kama ilivyo, Jumatatu karani aichape asubuhi kabla ya kengele. Yeye akifika atauliza Kipimo kasemaje, atapelekwa ukutani, atasoma kwa kidole.

Dada, kama ilivyo.

Kipimo


Makao Makuu
Jumamosi, 4 Aprili

Mdogo wangu,

Hii naituma kwa basi la asubuhi pamoja na dawa na shuka za mama. Mwambie asiinuke peke yake, na wewe usimwache bafuni.

Uliponipigia jana nilikwambia tayari, na kweli tayari. Ujumbe wako uko Sebuleni tangu saa nne, karani amenithibitishia kwamba Jumatatu atauchapa kabla ya kengele. Kwa hiyo tulia, lala, kula. Una mwezi mzima hujakaa na mama.

Nimepigana kuupitisha. Bosi aliusoma mara mbili halafu akasema, "Huu ni mzuri." Sijawahi kumsikia akisema hivyo kuhusu andiko lako. Nilirudi nyumbani kwa miguu kwa furaha.

Dada yako


Kiwandani
Alhamisi, 16 Aprili

Dada,

Kwenye simu ile siku nilikuwa sisikii unachosema, na wewe ulikuwa unalia, kwa hiyo nakueleza upya.

Ilikuwa Jumatano, tarehe nane, saa tano asubuhi. Wageni walikuwa kwenye ukumbi wa kufuma. Msimamizi alitaka mvuke wote, mashine zote ziende kwa pamoja zipendeze. Taratibu alipandisha presha mpaka nane, mshale ukapita nane, valvu haikufunguka. Akapanda ngazi kwenda kuinyanyua kwa mkono. Wenzetu wa mlango wa pili walimwona juu ya ngazi, mkono kwenye valvu. Halafu hapakuwa na ngazi wala ukuta. Tumemzika Ijumaa. Jeneza hawakulifungua.

Na mimi nilikuwa kwa mama namenya viazi.

Nimeingia kwenye kile chumba, kilichobaki. Mlango wa boila umelala uani. Wameupaka rangi mpya ya kijani kwa ajili ya wageni, chaki yangu iko chini ya rangi.

Lakini karatasi je? Kila nikikaa narudi hapo hapo. Taratibu ninayemjua mimi, nikimwandikia asiwashe, haoti hata ndoto ya kuwasha. Kwa hiyo hakuisoma. Kuna mtu aliing'oa ukutani. Nadhani ni msimamizi. Namwangalia, naye ananikwepa.

Kuna mkaguzi wa serikali amekuja. Watu wananiangalia vibaya. Nikiingia kantini, meza inanyamaza. Shemeji, mke wa Taratibu, msibani alinipa mkono bila kuniangalia usoni, na yule mwanamke ndiye aliyemfundisha wifi yako kunyonyesha. Sijui nimemkosea nini.

Nakuomba kitu kimoja. Nichapie ule ujumbe wangu kama ulivyotoka Sebuleni, wenye tarehe na saa, unitumie na dereva kesho. Nimwonyeshe shemeji na mkaguzi kwamba nilimwambia. Sitaki kingine. Nataka tu wajue kwamba nilimwambia mwenzangu.

Kipimo


Makao Makuu
Ijumaa, 17 Aprili

Mdogo wangu,

Pole. Pole sana, pole na tena pole. Sina neno lingine la kukupa na wewe unajua maneno ndiyo kazi yangu.

Sebuleni imefungwa. Bosi amesema mpaka uchunguzi uishe, na hata mimi siwezi kuingia. Kwa hiyo ile nakala kwa sasa haipatikani. Vuta subira kidogo. Wakati huu ni bora usiongee na mkaguzi mpaka tujue kampuni inasemaje, isije ikatafsiriwa vibaya.

Usimtuhumu msimamizi bila ushahidi. Inawezekana marehemu aliisoma haraka haraka.

Umekula? Mwambie wifi akupikie uji hata kama hutaki.

Dada yako


Kiwandani
Alhamisi, 30 Aprili

Dada,

Taratibu hakuwahi kusoma kitu chochote haraka haraka. Hata menyu.

Juzi shemeji alinitumia mtu, niende. Nikamkuta amekaa mkekani, akanipa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa kwenye koti la Taratibu, alilolitundika kwenye msumari nje kabla ya kuanza kazi, ndiyo maana imesalia. Karani anasema Taratibu alimwomba nakala yake mwenyewe, akaikunja akasema, "Hii ni ya kwangu." Ina alama ya kidole chenye masizi chini ya kila mstari.

Shemeji akasema, "Isome kwa sauti, shemeji, nisikie ulivyomwambia mume wangu." Nikaisoma.

"Ndugu Taratibu, karibu kwa moyo mkunjufu katika chumba chetu cha boila. Kwanza nawashukuru viongozi wetu kwa kutuwekea mazingira mazuri ya kazi. Boila letu liko imara na linaendelea kutuhudumia vizuri. Kama ilivyo kwa mashine yoyote, valvu ya usalama inahitaji uangalizi wa karibu. Nakushauri uzingatie viwango vya presha vilivyowekwa. Nakutakia kazi njema. Kipimo."

Viwango vilivyowekwa, dada. Unajua viwango vimewekwa wapi? Viko kwenye kibao cha shaba kilichopigiliwa kwenye boila. Vinasema nane. Mimi nilimwambia sita, tena kama wakimlazimisha. Wewe ukamwambia nane kwa jina langu.

Na alitii. Alisoma kila neno kwa kidole akatii. Hakuna kitu kinachoniua kama hicho. Angekuwa mtu wa hovyo hovyo angekuwa hai.

Nilipofika kwenye moyo mkunjufu nilijua mkono wa nani. Hayo ndiyo maneno uliyokuwa unayaweka kwenye barua za mama. Mama hakuwahi kuyasema, na mimi nilikuwa mtoto bweni nikidhani mama yangu anaongea hivyo.

Shemeji akaniuliza, "Ulijua imeharibika?" Nikasema nilijua. "Ukamwambia iko imara?" Dada, nikaikunja karatasi nikamrudishia. Sikuweza kukutaja. Nimetoka pale kama mwizi.

Jana mkaguzi ameniita. Kampuni imempa karatasi hiyo hiyo. Wanasema mwendesha boila mwenyewe alithibitisha kwa maandishi kwamba boila ni zima, halafu akaenda likizo. Anasema naweza kushtakiwa. Nikamwambia kuna karatasi nyingine, ya mkono wangu. Akasema niilete.

Iko kwenye droo yako. Ipo?

Kipimo


Nyumbani
Jumapili, 3 Mei

Mdogo wangu,

Ipo.

Bosi aliniambia nichane karatasi zote za mkono siku ile ile ya msiba. Alisema zinachukua nafasi. Nikamwambia nimechana. Nilikwenda kwenye mashine ya kuchana nikapitisha zile makala zako za kuchekesha, moja moja, ili asikie mlio. Hiyo ya Taratibu niliiweka ndani ya blauzi. Nilikaa nayo wiki tatu. Wiki tatu, wakati wewe unanyamaziwa kantini! Barua yako ya tarehe kumi na sita ilipofika niliijibu nikijua. Sebuleni haikuwa imefungwa kwangu. Nilikudanganya. Nilikuwa naogopa kazi yangu, na baadaye nikaogopa zaidi wewe kujua.

Kwa wiki tatu nimejiambia nilifanya kwa ajili ya nyumba yenu. Kuna ukweli humo, lakini si wote. Nilitaka pia kusikia "huu ni mzuri".

Utaniuliza niliisomaje isinishtue. Niliisoma kama makala. Miaka kumi na miwili nashika karatasi na swali langu ni moja tu, bosi atasemaje. Niliona "usiwashe" nikasikia lawama. Niliona herufi kubwa nikasikia kelele. Niliona sita nikakumbuka namba zako usiziguse, basi sikuibadilisha, niliitoa kabisa, nikajiona nimekuheshimu. Hata mara moja sikumwona mtu amesimama mbele ya boila anasoma. Uliandika "si makala" na mimi nikanyoosha makala.

Alhamisi, barua yako ilipofika tu, nimekwenda kwa mkaguzi. Nimempa karatasi yako na waraka wa madaftari niliouchapa mwenyewe. Nimeandika maelezo yangu kurasa sita, nikaeleza nani alisema nini nyuma ya mlango gani, na kwamba mkono uliobadilisha maneno ni wangu. Aliniuliza kama naelewa kwamba nami naweza kushtakiwa. Nimesema naelewa. Wewe hutashtakiwa. Amesema hivyo mwenyewe, akagonga mhuri.

Kazi sina tena. Mlinzi alinisindikiza mpaka barabarani nikiwa na boksi.

Humu nimeweka nakala ya karatasi yako, ni mwandiko wako mwenyewe. Mpe shemeji. Mwambie nilikuwa mimi. Na kama unaweza kunisamehe, hata si leo...

Dada yako


Kiwandani
Alhamisi, 7 Mei

Dada,

Nakala nairudisha.

Haikuandikwa kwa ajili yako wala yangu. Ni ya Taratibu, na wewe ndiye uliyepewa umfikishie. Mfikishie. Yeye hayupo, lakini nyumba yake ipo, nyuma ya kiwanda, mlango wa tatu, wenye pazia la bluu. Mimi sitabeba tena maneno yako kwa jina langu.

Mama anauliza kwa nini hatuongei. Nimemwambia ukweli. Amelia, halafu akaniambia nikuulize umekula.

La kusamehe usiniulize sasa.

Kipimo


Jumamosi, 9 Mei

Mama,

Huenda hunikumbuki. Mimi ni dada wa Kipimo, yule mhariri wa Sebuleni kule makao makuu. Nimekuja mpaka kwenye pazia lako la bluu, nimesikia watoto ndani, nimeshindwa kubisha. Dereva wa lori yuko nami, yeye ndiye atakayekupa bahasha hii, mimi nimekaa hapa nje. Ukitaka kutoka uniseme, nipo. Ukitaka nisiondoke mpaka uniseme, sitaondoka.

Ile karatasi ya kwenye koti haikuandikwa na ndugu yangu. Niliiandika mimi na kuweka jina lake chini. Yeye hakujua, alikuwa kwa mama yetu mgonjwa. Hii hapa ndiyo aliyomwandikia mume wako. Ilinifikia siku sita kabla. Ilikuwa mikononi mwangu na sikumpa.

Sikubadilisha kitu humu.

Dada wa Kipimo


TARATIBU,

Najua unafuata kwa kidole, kwa hiyo nimeandika kubwa kubwa.

USIWASHE. Valvu ya usalama imeganda. Jana na juzi nimeinyanyua kwa mkono, haipandi kabisa. Subiri fundi aje aifungue, na uione ikipanda kwa macho yako.

Kibao kinasema nane. Achana na kibao. Wakikulazimisha, MSHALE USIPITE SITA. Ukigusa sita zima moto, na ngazi usiipande, hata wakikuita majina. Toka nje, kakae kwenye benchi letu, waambie Kipimo kakataza. Wakikufukuza, watufukuze wote wawili, tutauza karanga, wewe utachelewa kuzikaanga.

Kikombe changu kiko dirishani. Tumia, ila uoshe, maana nakujua.

Msalimie shemeji na watoto. Nikirudi nikukute kwenye benchi.

Kipimo